Mazoezi ya nje wakati wa lokdauni: sheria tatu, na ipi inatufaa Kampala

Chumba nilichopanga mwaka 2020 bondeni Naguru kilikuwa na urefu wa hatua nne. Nilizihesabu, maana sikuwa na kazi nyingine. Hatua nne toka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na humo humo kuna kitanda, sigiri, majerikani mawili ya maji na begi la glavu za vijana ninaowafundisha ngumi. Tarehe 8 Aprili mwaka ule, katika lokdauni ya Uviko (korona), Rais Museveni akapiga marufuku kukimbia barabarani, akasema anayetaka mazoezi ayafanye ndani. Baada ya siku moja mbili ikatoka video yake mwenyewe: yuko peku, kavaa suti ya michezo ya kijivu, anakimbia ofisini kwake toka ukuta huu hadi ule juu ya zulia, kisha anashuka kupiga pushapu thelathini. Mzee wa miaka sabini na kitu! Nilimvulia kofia, kwa kweli. Halafu nikairudia video nikiangalia zulia tu. Mizigo yote sita ya ua wetu (muzigo kwetu ni chumba kimoja cha kupanga), pamoja na choo chake kimoja, nadhani ingeenea juu ya zulia lile na nafasi ya kuruka kamba ikabaki.

Hayo yangekuwa yamepita kama si Ebola. Ilipotangazwa tarehe 30 Januari 2025 kwamba imeingia Kampala, hatukufungiwa, lakini kila mtu alizikumbuka Mubende na Kassanda, wilaya mbili zilizofungwa Oktoba 2022 kwa ugonjwa huo huo, na kafyu juu yake. Kundi letu la mchakamchaka likakaa Jumapili moja baada ya kukimbia, tukaulizana: ikitokea tena, tumwombe mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, atufikishie ombi gani huko juu? Tukabishana hadi chai ikapoa. Mwisho wakaniambia, Kocha, wewe una mkono wa kuandika, zipange hizo sheria moja moja tuzione.

Nimezipanga. Ila msomaji ajue mapema kwamba nina upande. Mimi ni mtu wa kukimbia, na nimelelewa kambini, ambako mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa kama adhana.

Kila sheria nimeiuliza maswali matatu. Je, inatawanya watu au inawakusanya? Askari aliyesimama barabarani ataweza kumtambua aliyeivunja bila kutumia kiboko? Na tatu, ambalo wengi husahau: mtu wa muzigo anaingia humo, au sheria imekatwa kwa kipimo cha mtu mwenye zulia?

Marufuku kabisa

Hii ndiyo tuliyoionja sisi. Magari ya abiria yalisimamishwa tarehe 25 Machi 2020, magari binafsi tarehe 30, na kafyu ikawa saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mji usio na taksi ni mji wa miguu. Barabara ya Northern Bypass, iliyozoea malori, ikajaa watu wenye raba na jezi za mpira, makundi kwa makundi, wengine hawajawahi kukimbia tangu shule ya msingi. Rais aliyaona hayo, na hapo ndipo katazo lilipotoka.

Hatukuwa peke yetu. Hispania ilifunga tangu katikati ya Machi, na watoto wake wakakaa ndani wiki sita hivi, hadi tarehe 26 Aprili waliporuhusiwa saa moja ya kutoka. Afrika Kusini, tangu tarehe 27 Machi, hata kumtembeza mbwa ilikuwa kosa.

Mtetezi wa sheria hii katika kundi letu ni sista mmoja, muuguzi wa kituo cha afya, na ninayaandika maneno yake kwa heshima maana ana hoja nzito kuliko zangu zote. Alisema: "Kocha, siku ile Rais anakataza mlikuwa na wagonjwa hamsini na kitu nchi nzima, na hakuna aliyekufa. Kifo cha kwanza kilitangazwa tarehe 23 Julai. Mnadhani hiyo ilikuwa bahati?" Akaendelea kwamba vitanda vya wagonjwa mahututi nchini vilikuwa vya kuhesabu kwa makumi, vingi vikiwa Kampala, na kwamba sheria isiyo na "ila" ndani yake haina mlango wa kubishania. Ukisema "mkimbie, ila msikaribiane", kila mtu ana kipimo chake cha kukaribiana. Ukisema "ndani", ndani ni ndani.

Ni kweli, sheria fupi hueleweka haraka. Juni 2021, wimbi la pili lilipokuja na kufungiwa kwa siku 42, hata mimi sikutamani kubishana na mtu yeyote kuhusu kukimbia. Tulikuwa tunazika.

Lakini kwa mtu wa muzigo, "ndani" si chumbani. Chumbani kuna joto la bati na moshi wa sigiri, kwa hiyo unatoka uani. Uani kuna bomba moja, choo kimoja, kamba za nguo, na familia sita ambazo nazo zimeambiwa zikae ndani. Ukimwondoa mtu barabarani humpeleki mahali pa upweke, unamrudisha kwenye umati wa ua wake. Watafiti wa China walipozipitia taarifa za wagonjwa zaidi ya 7,000 wa mwanzoni mwa 2020, walikuta milipuko 318 ya watu watatu au zaidi, na yote ilianzia ndani ya majengo. Nje walipata tukio moja tu, la watu wawili. Taarifa hiyo ilianza kusomwa Aprili ile ile, lakini kwenye simu zetu haikufika. Iliyofika ilikuwa ile picha ya wanasayansi wa Ubelgiji na Uholanzi, mkimbiaji mwenye wingu la vitone vya rangi likimfuata kama mkia wa kimondo, na maelezo kwamba anayemfuata aache nafasi ya mita 10. Ilikuwa hesabu ya kompyuta kuhusu upepo na vitone, haikuwa imepitiwa na wenzao, wala haikupima nani anaugua. Kwenye magrupu ya WhatsApp ilipita kama amri ya daktari. Mama mwenye nyumba wetu alinionyesha mara tatu.

Sasa swali la askari. Kijana wetu mmoja hubeba mizigo soko la Nakawa. Wiki ile ya katazo alikuwa akitembea kwenda kazini, mwendo wa mtu aliyechelewa, miguuni raba. Akasimamishwa: "Wewe unafanya mazoezi?" Akajieleza sana. Kesho yake akaja na dawa: gunia tupu begani. Mwenye gunia hakimbii kwa starehe, anakwenda kazini, na hakuulizwa tena. Nilipomwona nikacheka, kisha nikamwiga. Kwa wiki tatu nilikimbia alfajiri nikiwa na jerikani tupu mkononi, na kila nilipoona kofia ya askari nilibadili mwendo nikawa mtu wa kuchota maji. Jerikani lile la manjano la lita 20 lilinipiga gotini hadi likaacha alama. Sijivuni nalo. Ila sheria ambayo mtu anaweza kuipita kwa gunia tupu na jerikani tupu haimkamati mkimbiaji, inamkamata asiye na la kushika mkononi. Na mwishoni mwa Machi tulikuwa tumekwisha kuona katikati ya mji viboko vikiwashukia wachuuzi, kwa hiyo hakuna aliyetamani kukosea jibu.

Hukumu yangu kwa sheria hii: inafaa kwa siku chache za mwanzo, wakati hakuna anayejua ugonjwa unavyoambukiza. Ikipita wiki mbili, inamlinda mwenye uwanja wake nyumbani kuliko wote, na huyo ndiye hakuihitaji.

Saa maalumu

Hapa serikali inasema: tokeni, lakini kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Kijana wa boda katika kundi letu anaipenda sana. Yeye anasema Mganda huheshimu saa kuliko mpaka. Nilimuuliza tangu lini.

Mfano mzuri ni Afrika Kusini. Tarehe 1 Mei 2020 waliruhusu mazoezi saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, ndani ya kilomita tano toka nyumbani. Asubuhi ile ile njia ya pwani ya Sea Point, Cape Town, ikafurika. Watu waliofungiwa wiki tano, wote wamepewa mlango mmoja na muda wa saa tatu tu. Picha zikazunguka, waliotaka marufuku wakasema mnaona, waliotaka uhuru wakasema ongezeni saa basi. Juni walipopanua muda ukawa toka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, marufuku makundi.

Paris walikwenda kinyume chake, na kwa bahati ya kalenda walianza siku ile ile ya hotuba ya kwetu, tarehe 8 Aprili. Wao walikataza kukimbia mchana, saa nne asubuhi hadi saa moja jioni, ili njia zibaki kwa wenye kwenda dukani. Wakimbiaji wakasongamana alfajiri na jioni. Hispania walipofungua tarehe 2 Mei waligawa saa kwa umri: watu wazima asubuhi na mapema au usiku, wazee saa zao, watoto mchana. Jambo moja la Hispania nimelipenda, nami nitalirudia chini: mji wenye watu 5,000 au pungufu haukuwekewa saa zozote.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Hispania kujua saa zinafanya nini. Siku ya kwanza ya kafyu ya Kenya, tarehe 27 Machi 2020, kivuko cha Likoni kilijaa watu waliokuwa wanawahi kufika nyumbani kabla ya saa moja, na kilichowakuta ni mabomu ya machozi. Virusi havina saa mkononi. Ukiwaambia watu elfu kumi watoke dakika moja, umewapangia mkutano.

Na hapa Kampala kuna la ziada. Wakimbiaji wetu ni watu wa saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua na kabla ya vumbi la magari. Kafyu ya hadi saa kumi na mbili na nusu ilikwisha kuwabana wote kwenye nusu saa moja, pamoja na wanaokwenda kazini kwa miguu. Kwa hiyo umati wa Northern Bypass, kwa kiasi fulani, ulitengenezwa na saa zenyewe. Hili sijamsikia mtu akilisema mwaka ule, nami mwenyewe nimelifikiria baadaye sana.

Faida yake ipo moja na si ndogo. Askari hahitaji kukuuliza kitu. Anaangalia saa. Hakuna gunia wala jerikani. Kama ningelazimika kuchagua kati ya sheria hii na marufuku, ningechukua hii, kwa sharti saa ziwe nyingi, tuseme tangu alfajiri hadi saa nne na tena toka saa tisa hadi kafyu.

Karibu na nyumbani, mmoja mmoja

Uingereza, tangu tarehe 23 Machi 2020, serikali iliwaambia watu watoke kufanya mazoezi mara moja kwa siku, bila saa. Ufaransa iliweka kamba: kilomita moja toka nyumbani, saa moja kwa siku, na fomu ya kujaza na kutia sahihi kila utokapo, faini yuro 135 ukikosea.

Ugomvi wa sheria hii ni neno "karibu". Januari 2021, katika jimbo la Derbyshire huko Uingereza, wanawake wawili waliendesha gari maili tano, kama kilomita nane, kwenda kutembea kando ya bwawa, kila mmoja na kinywaji chake cha moto. Polisi wakawatoza pauni 200 kila mtu, na wakaambiwa vile vikombe vinahesabika kuwa pikiniki. Nchi nzima ikabishana juu ya vikombe viwili. Faini ikafutwa na polisi wakaomba radhi. Niliposimulia kisa hiki kwa kundi letu, mama wa makamo anayekimbia nasi akauliza: "Na kama ingekuwa maandazi?"

Kwetu kilomita haifai, na sababu ni rahisi: hakuna anayeipima. Fomu nayo haifai, maana karatasi ina bei na si kila mtu ana simu yenye chaji. Lakini tuna mpaka ambao Wafaransa hawana. Kila mtu wa Kampala, hata aliyehamia juzi, anajua zoni yake ya LC1 inaanzia wapi na inaishia wapi, kwa sababu barua zake zote zinapita kwa mwenyekiti wa zoni hiyo. Muhuri wa mwenyekiti ndio uliokupatia mkopo, hata posho ya lokdauni. Lori lilipokuja na kilo sita za unga na kilo tatu za maharage kwa kila mtu, hakuna aliyepotea njia kuuliza zoni yake ni ipi.

Basi mpaka uwe huo. Kimbia ndani ya eneo lako, peke yako au na mtu mnayelala nyumba moja. Askari akikutilia shaka, swali lake ni moja: mwenyekiti wako nani? Anayejibu papo hapo ni wa pale. Asiyejua, ametoka mbali.

Sista aliitoboa hoja yangu kwa sindano moja. Zoni za bondeni ni ndogo mno. Ukipiga chafya kwenye zoni moja, unaombewa afya kwenye ya pili. Ukiwaambia watu wa Kisenyi wakimbie ndani ya zoni, utakuwa umewaambia wakimbie kwenye vichochoro, begani mwa mtu mwingine, wakiruka mitaro. Wakati huo huo mtu wa juu mlimani, Kololo au kwenye kilele cha Naguru, zoni yake ni barabara pana zenye miti na walinzi wanaosinzia.

Nilinyamaza. Ana haki. Kwa hiyo nimeibadili: mjini mpaka uwe parishi, ile ya serikali si ya kanisa, inayokusanya zoni kadhaa, ili wa bondeni apate kupanda kwenye barabara za mlimani. Sijui watu wa mlimani watalipokeaje hilo, nina mashaka, lakini barabara ni za wote.

Nani achukue ipi

Kijijini, Kotido au Kyenjojo, nisingeweka sheria yoyote ya mazoezi. Mtu anayetembea kilomita tatu kuchota maji na kulima hadi saa sita hahitaji ruhusa ya kunyoosha viungo, na hapo ndipo ile busara ya Hispania ya miji midogo inapoingia. Tatizo la kukimbia kwa makundi ni la Kampala, Wakiso, Mukono, labda Mbarara na Jinja.

Kwenye miji hiyo nachagua ya tatu, kwa mpaka wa parishi, bila saa ila kafyu yenyewe ianze baadaye na iishe mapema. Rwanda, waliokuwa wakali kuliko sisi katika mengi, walipolegeza tarehe 4 Mei 2020 waliruhusu michezo ya mtu mmoja mmoja mahali pa wazi na kuacha kumbi zimefungwa. Kumbi, ndiyo, zifungwe mwanzo na zifunguliwe mwisho. Nalisema hilo ingawa linanikata mkate mimi mwenyewe.

Ugonjwa nao uangaliwe ni upi. Uviko ulipita hewani, kwa hiyo adui alikuwa chumba kisicho na dirisha. Ebola hupita kwa majimaji ya mwili, ya mgonjwa na ya maiti. Kwa Ebola mkimbiaji wa peke yake barabarani si tatizo hata kidogo. Tatizo ni mimi na begi langu la glavu. Jozi nne, vijana kumi na tano, mmoja anazivua zikiwa zimelowa jasho, mwingine anachomeka mikono humo humo kabla hazijapoa. Januari 2025, siku ya tangazo, nilizimwaga zote juani juu ya bati na kuwaambia vijana wapige hewa tu hadi nitakapowaambia. Sijaona sheria ya lokdauni iliyozitaja glavu. Walinuna, mmoja akasema Kocha umekuwa sista.

Wenye nyumba zenye uwanja nawaomba wabaki na marufuku yao kwa hiari. Ruka kamba nyuma ya geti lako, utuachie barabara.

Limebaki jambo la viwanja vya shule. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Muda wote huo, katikati ya parishi yetu, kulikuwa na uwanja wa mpira mtupu, nyasi zimefika magotini, umezungushiwa ukuta. Ungetosha watu arobaini kwa wakati mmoja, kila mmoja na kona yake. Hilo nimeliandika la kwanza kwenye karatasi ya mwenyekiti, kabla ya mipaka na kafyu: siku wakifunga shule, wafungue uwanja.

Mwenyekiti aliisoma karatasi akiwa amesimama, miwani imeshuka puani. Akasema parishi ni sawa, saa za kafyu ni sawa, glavu hakuzielewa. Kisha akaniuliza ufunguo wa uwanja atakaa nao nani. Nikamwambia mlinzi wa shule. Akasema mlinzi yule ni wa kampuni, siku shule ikifungwa anaondoka na ufunguo wake. Tumekubaliana tuanze kwa kumtafuta mwalimu mkuu wiki ijayo, kabla mtu yeyote hajaugua.